Transista ya pawa ya osileta yako: namna ya kuichagua kabla hujaiunguza

Swali ni lilelile kila siku, linabadilishwa nguo tu. "Naeza kuweka 2N3055 badala ya hii ya kwenye mchoro?" "Mbona transista yangu inachemka alafu inakufa?" "Nimeweka yenye ampea 49 na bado imeungua, shida nini?" Nimechoka kujibu mojamoja kwa hiyo nayamwaga yote hapa. Soma taratibu, na kama ndo unaanza usiruke hatua ya 2 maana hapo ndo zinapofia nyingi.

Kitu kimoja kishike kabla ya vingine vyote: voltaji ya betri yako sio voltaji inayoipata transista. Mtu anaona betri ya volti 12, anatafuta transista ya volti 30, anajiona kajiachia nafasi kubwa, kumbe koili ikikatiwa karenti ghafla inarusha volti 80, 100, hata 200, na transista inakufa kabla hujaondoa kidole kwenye swichi. Alafu anarudi anasema alinunua feki. Feki zipo kweli, tutaziongelea, ila mara nyingi transista ilikuwa nzima tu, imepewa kazi isiyo yake.

Hapa naongelea osileta (saketi inayojiwasha na kujizima yenyewe harakaharaka) za kufanya kazi, zile za kusukuma transfoma au koili kwa saplai ya volti 6 mpaka 24 hivi. Sio vile vya kuchezea vya transista ndogo BC547 kwenye bredibodi (ubao wa vishimo wa kuchomekea bila kuchomelea), na sio vya kuchomeka moja kwa moja kwenye umeme wa nyumbani. Hiyo ya umeme wa nyumbani kama bado unauliza maswali haya iache kabisa. Na hii ya betri pia usiidharau, sekondari (koili ya transfoma ya upande wa kutoa) ikitoa volti 600 haikumbuki kwamba ilianzia kwenye betri ndogo, inaweza kuua mtu, na kapasita iliyoko upande ule inabaki na chaji hata baada ya kuzima.

Vitu vya kuwa navyo kwanza

- Mchoro wa saketi, hata kama umeuchora kwa mkono.
- Multimita yenye sehemu ya kupima dayodi. Ikiwa na tundu la kupima hFE (ndo geni, transista inakuza karenti mara ngapi) sawa, ila usiiamini sana, inapima kwa karenti ndogo mno.
- Datashiti (karatasi ya vipimo) ya transista unayoifikiria, ile ya mtengenezaji mwenyewe. Hizi orodha za "namba hii mbadala wake ni namba ile" nyingi zinaangalia volti na ampea tu, vingine hazijali.
- Saplai inayoweza kuwekewa kikomo cha karenti. Kama huna, betri pamoja na fyuzi na balbu ya gari ya volti 12 wati 21, nitakueleza balbu ya nini.
- Hitisinki (bati la kunyonya joto), kipande cha maika au silikoni cha kutenganisha, na pesti ya kupitisha joto.
- Rezista za wati 5, dayodi ya haraka ya ampea 1 kama UF4007, na kapasita ya elektroliti ya maikrofaradi 1000 hivi.
- Transista za akiba, mbili tatu za aina hiyohiyo. Ukinunua moja tu ujue umeshajiandaa kukwama.
- Miwani ya kukinga macho. Transista ya plastiki ikipasuka inarusha kipande, sitanii.

Nadharia ni fupi. Kwenye osileta ya pawa transista inatakiwa iwe swichi: ama imefunguka kabisa (karenti inapita) ama imefunga kabisa (karenti haipiti). Joto linatengenezwa pale inapokuwa katikati. Basi, twende kazini.

Hatua kwa hatua

1. Jua osileta yako ni ya ukoo gani. Angalia mchoro. Kuna ya transista moja na transfoma yenye koili ndogo ya fidibeki inayorudi kwenye besi, ule mguu wa transista unaopokea amri (ndo inayopendwa na wanaoanza). Kuna ya transista mbili zinazopokezana, transfoma ina waya wa katikati unaoenda kwenye chanya. Kuna ya mosfeti mbili (transista zinazoongozwa kwa voltaji) yenye koili kubwa ya kuzuia kwenye njia ya chanya na kapasita sambamba na praimari (koili ya transfoma ya upande wa betri), ile watu wanaiita ZVS. Na kuna ile ambayo IC kama 555 ndo inatengeneza mapigo na transista inafuata amri tu. Usipojua ni ipi kati ya hizi hatua inayofuata utaikosea, kwa sababu kila ukoo una hesabu yake ya voltaji.

2. Piga hesabu ya voltaji itakayoipata transista. Hapa kaa, usikimbie.

Zile mbili za kupokezana na waya wa katikati: mmoja akifungua, upande wa mwenzake unapandishwa na transfoma mpaka mara mbili ya saplai. Betri 12 basi ni 24, na juu yake weka miruko midogo ya pembeni (voltaji inayopanda ghafla na kushuka). Mimi sishuki chini ya mara nne ya saplai, yaani kwa 12 natafuta 50 kwenda juu na kwa 24 natafuta 100.

ZVS: kilele chake ni saplai mara 3.14, ndio, ile pai ya darasani. Betri ya 12 inakuwa kama 38, ya 24 inakuwa kama 75. Ndo maana mtu anaweka IRFZ44N ambayo mwisho wake ni volti 55, inamtii vizuri kwa 12, siku anapeleka 24 akitaka cheche ndefu zinalipuka zote mbili kwa pamoja. Sio bahati mbaya, hesabu ilikuwa inamsubiri.

Ya transista moja na fidibeki ndo mbaya kuliko zote, kwa sababu nishati inatunzwa kwenye koili alafu inatoka transista ikifunga. Kolekta (mguu karenti kubwa inapoingilia, inatokea emita) inapata vitu vitatu kwa pamoja: saplai, na voltaji ya sekondari iliyorudi nyuma kupitia uwiano wa mizunguko, na mruko mkali wa ile sumaku iliyovuja bila kuifikia sekondari. Mfano: sekondari inatoa volti 600, uwiano ni 1 kwa 20. 600 gawa kwa 20 ni 30, jumlisha 12 unapata 42, na mruko haujauweka bado. Transista ya volti 60 hapo inaishi kwa kudra, weka ya 100 au zaidi. Alafu sikia hii: ukichomoa lodi (kile kinachotumia umeme unaotoka) huku osileta inafanya kazi, ile nishati haina pa kwenda, voltaji inapanda mpaka kitu kivunjike, na kitu kinachovunjika ni transista. Usiwashe osileta ya hivyo bila lodi.

Ile ya 555, kama lodi ni rezista au balbu, voltaji ni ya saplai tu. Kama lodi ni koili rudi aya ya juu.

Ukiwa kwenye datashiti soma Vceo kwa transista ya kawaida na Vdss kwa mosfeti, ndo mwisho wa voltaji inayovumilia. Kuna namba nyingine kubwa inaitwa Vcbo au Vces, wauzaji wanaipenda maana inavutia, we usiitegemee.

Na usiruke upande wa pili pia, yaani usichukue ya volti 500 eti ili ulale usingizi. Voltaji kubwa ina gharama yake. IRFZ44N ikiwa imefunguka ina ukinzani wa omu 0.0175, IRF840 ya volti 500 ina 0.85. Kwa ampea 5 ile ya kwanza inapoteza kama nusu wati, ya pili inapoteza wati 21. Unayo sasa jiko.

3. Piga hesabu ya karenti, ile ya kilele. Unataka wati 40 zitoke? Saketi za nyumbani ukipata asilimia 70 shukuru, kwa hiyo inaingia wati 57, gawa kwa 12 ni ampea 4.8. Huo ni wastani. Kwenye ya transista moja karenti inapanda kama mlima alafu inakatika, na kama transista inafungua nusu ya muda basi kilele ni mara nne ya wastani. Kwa hiyo ampea 1 unayoiona kwenye mita yako ni ampea 4 ndani ya transista, na zile 4.8 zingekuwa 19, hapo achana na transista moja, nenda kwenye mbili za kupokezana ambako kilele hakiendi mbali sana na wastani.

Chagua transista yenye ampea angalau mara mbili ya kilele chako. Na ile namba ya ukurasa wa kwanza ichukulie kama sifa za bwana harusi. 2N3055 wanasema ampea 15, sawa, ila shuka chini kidogo kwenye datashiti: geni yake kwa ampea 4 ni 20 mpaka 70, kwa ampea 10 wanakuahidi 5 tu. Yaani kupitisha ampea 10 unatakiwa uipe besi ampea 2! Mimi 2N3055 naihesabu ni transista ya ampea 4 au 5. Ile 49 ya IRFZ44N nayo ni pale mgongo wake unaposhikiliwa kwenye joto la nyuzi 25, kitu ambacho kwenye meza yako hakitatokea.

4. Angalia kasi. Kinachoamua kasi ni kiini cha transfoma: ya bati za chuma inafanya kazi kwenye mamia ya hezi, na hapo karibu kila transista inaweza. Ya feraiti inataka kilohezi 20 mpaka 100. 2N3055, TIP31, TIP41 ni wazee wa polepole, hawafungi mara moja, karenti inaendelea kutiririka kidogo baada ya kuambiwa acha. Mimi kwa hizo mwisho wangu ni kilohezi 20. Juu ya hapo tumia mosfeti. Darlington (transista mbili ndani ya ganda moja) kama TIP122 ndo polepole zaidi, na zina rezista ndani kati ya besi na emita, kwenye osileta ya fidibeki zinagoma au zinachemka tu. Geni yake kubwa isikudanganye.

5. Amua, transista ya kawaida au mosfeti. Hizi mbili HAZIBADILISHANI kwenye mchoro uleule. Nimeona mtu kang'oa TIP41C, kachomeka IRF540N kwenye matundu yaleyale, anauliza mbona kimya. Besi inataka karenti, na inaanza kufunguka kwenye volti 0.7 hivi. Geti (mguu wa amri wa mosfeti) haitaki karenti ila inataka voltaji, mosfeti ya kawaida inaanza kujinyoosha kwenye volti 2 mpaka 4 na kufunguka sawasawa inataka 10. Ukiipa 5 inakuwa nusu macho nusu usingizi, na pale katikati ndo joto lilipo. Kama una volti 5 tu tafuta zile za geti nyepesi kama IRLZ44N. Kwa betri moja ya volti 1.5 sahau mosfeti za kawaida, kaa na transista.

Upande mwingine, geti ikizidi volti 20 inatoboka na haiponi. Kwenye ZVS ndo maana kuna dayodi ya zena ya volti 12 pale getini. Watu wanaitoa "kupunguza vitu". Usiitoe.

6. Hesabu rezista ya besi (mosfeti ruka hii, weka tu omu 10 kwenye geti na kiloomu 10 kutoka geti kwenda sosi; kwa mosfeti sosi ni kama emita, dreni ni kama kolekta). Chukua karenti ya kilele, gawa kwa geni NDOGO KABISA iliyo kwenye datashiti, zidisha mara mbili. Kilele ampea 3, geni 20, inakuja 0.15, mara mbili ni 0.3. Kama besi inalishwa na volti 12, toa 1 ya besi yenyewe, 11 gawa kwa 0.3 ni kama omu 37, weka 39. Joto la hiyo rezista ni wati 3 na ushee, kwa hiyo ya wati 5, sio zile ndogo za robo wati zinazogeuka mkaa alafu unalaumu transista. Kama besi inalishwa na koili ya fidibeki inayotoa volti 5, hesabu ni hiyohiyo: 4 gawa kwa 0.3, omu 13, kati ya 12 na 15 inafaa.

Na weka ile dayodi ya haraka kati ya besi na emita, mstari wake ukiangalia besi (hii ni kwa NPN, aina inayofunguka besi ikipewa chanya). Transista ikifunga, koili ya fidibeki inageuka na kusukuma besi chini ya sifuri, na besi nyingi zinavumilia volti 5 mpaka 7 tu kinyume. Kwenye ule mfano wetu, praimari ikirudishiwa volti 30 na ina mizunguko 12, fidibeki ya mizunguko 8 inatoa volti 20 kinyume. Haifi siku hiyo. Inachoka, geni inashuka kidogokidogo, leo inawasha, kesho inawasha kwa shida, kesho kutwa haiwaki. Mimi nilikaa wiki nzima nabadilisha TIP31C nikidhani nimeuziwa mabaki, kumbe dayodi moja ndo ilikuwa imekosekana.

7. Fanya hesabu ya joto. Transista ya umbo la TO-220 (ya plastiki yenye mgongo wa bati na tundu la skrubu) bila hitisinki inapanda nyuzi 62 kwa kila wati. Chumba kikiwa nyuzi 30 na mwisho wake ni 150, una nafasi ya nyuzi 120, yaani haifiki hata wati 2. Zile "wati 65" za TIP41C ni hadithi ya kiwandani bila hitisinki.

Ukiwa na hitisinki unajumlisha: TIP41C ndani yake ni nyuzi 1.9 kwa wati, maika na pesti kama 1, hitisinki ya wastani 3, jumla karibu 6. Ikipoteza wati 15 ni nyuzi 90 juu ya chumba, 120 kamili. Inaishi ila haina raha, ongeza bati au feni. Kipimo changu cha haraka, ukiwa umezima: gusa hitisinki, kama huwezi kuhesabu mpaka tano bila kuondoa kidole, ni ndogo.

8. Sasa ndo uchague namba. Hizi ninazozitumia mimi:

- BD139, volti 80, ampea 1.5. Osileta ndogondogo za wati chache. Angalia miguu, ukiitazama usoni ni emita, kolekta, besi, sio kama wenzake.
- TIP31C, volti 100, ampea 3. Ya kujifunzia, anza na hii.
- TIP41C, volti 100, ampea 6. Kwa osileta ya transista moja kwenye 12 mimi naipenda kuliko 2N3055, ina voltaji zaidi na kuifunga kwenye hitisinki ni skrubu moja.
- 2N3055, volti 60, ampea 15 za kwenye karatasi. Ngumu, inavumilia joto mpaka nyuzi 200, inafaa sana kwa mbili za kupokezana na transfoma ya chuma kwenye 12. Kwa transista moja na koili kali, volti 60 ni chache.
- MJE13007, volti 400, ampea 8. Inapatikana ndani ya pawa saplai za kompyuta za zamani. Voltaji hailalamikii ila geni ni ndogo, besi uilishe vya kutosha.
- IRF540N, volti 100, omu 0.044. Mosfeti ya kila kitu kwenye 12.
- IRFP250N, volti 200, omu 0.075. ZVS ya 24 weka hii na usahau.

Kuhusu transista kubwa za kwenye TV za kioo kinene, zile BU508 na ndugu zake: volti 1500 zinavutia, najua unazo kwenye boksi. Zenye herufi D mwishoni zina dayodi na rezista ndogo ndani, ukipima besi na emita utadhani ni shoti. Geni yake kwenye ampea 4 na nusu inaweza kuwa 2 na kitu. Kwa osileta ya betri ziache.

9. Ipime kabla hujaichomelea. Multimita kwenye dayodi, waya mwekundu besi: kwenda emita isome 0.5 mpaka 0.7, kwenda kolekta hivyohivyo, geuza nyaya isisome kitu, na kolekta kwa emita isisome kitu pande zote mbili. Hiyo ni NPN, PNP kama MJ2955 ni kinyume chake. Mosfeti: mwekundu sosi, mweusi dreni, utaona dayodi ya ndani kama 0.4 au 0.5. Geuza isisome. Gusisha geti na sosi kwa kidole kwanza ili kutoa chaji, la sivyo itakudanganya.

Kupima feki: chukua 2N3055, ifunge kwenye hitisinki, balbu mbili za gari za wati 21 sambamba kwenye kolekta, zinavuta ampea 3.5. Besi ilishe toka kwenye 12 kupitia omu 27 ya wati 10. Pima kolekta kwa emita. Nzima itasoma chini ya volti 1.1 hivi. Ikisoma 3 na inachemka haraka, ndani kuna kipande kidogo cha transista nyingine kimevalishwa koti la mkubwa.

10. Funga na uwashe kwa adabu. Mgongo wa bati wa transista ni kolekta, au dreni kwa mosfeti, kwa hiyo mbili zikikaa kwenye hitisinki moja bila maika umezishonanisha. Ukishafunga pima kati ya mgongo na hitisinki, multimita isilie. Kapasita kubwa iwe karibu na saketi, nyaya za karenti kubwa fupi na nene. Bredibodi hapana, vishimo vyake havikutengenezwa kwa ampea 3.

Mara ya kwanza weka ile balbu ya wati 21 mfululizo na saplai. Kukiwa na shoti balbu inawaka kabisa na karenti haivuki ampea 1.75, transista inapona. Balbu ikiwa giza au nyekundu kidogo na osileta inalia, zima, toa balbu, weka fyuzi, endelea. ISIPOKUWA ZVS! Hiyo ikianza na voltaji inayolegea, mosfeti zote mbili zinafunguka pamoja na zinabaki hivyo. ZVS weka fyuzi tu, iwashe kwa swichi, saplai iwe na nguvu.

Makosa ninayoyaona kila wiki

Kuweka dayodi sambamba na praimari ya osileta ya transista moja "kuilinda transista". Kwenye relei ni sahihi, hapa unakula nishati yote iliyotakiwa iende sekondari, na unabaki na saketi inayochemsha dayodi. Kama miruko inakusumbua weka kapasita ndogo na rezista mfululizo, kati ya kolekta na emita.

Kuunganisha transista mbili sambamba ili kupata ampea zaidi bila rezista kwenye emita. Mmoja anapata joto kidogo, anavuta zaidi, anapata joto zaidi, mwisho anabeba mzigo peke yake. Kila mmoja apewe omu 0.1 yake kwenye emita. Au bora utafute transista moja kubwa yakaisha.

Kubadilisha transista iliyokufa bila kupima rezista ya besi na dayodi. Ikifa mara nyingi inaondoka nazo.

Ikigoma

Haifanyi kazi na transista inachemka: geuza ncha mbili za koili ya fidibeki. Nusu ya kesi zinaishia hapo.

Haifanyi kazi na transista ya baridi: hakuna karenti ya kuianzisha. Pima voltaji ya besi, kama ni sifuri fuata rezista inayotoka chanya, imekatika au hukuichomelea vizuri. Kama besi inasoma volti 3 au zaidi, kiungo cha besi kimekatika ndani.

Inafanya kazi dakika mbili tatu alafu inakufa: ni joto, rudi 7. Kama hitisinki ni ya baridi kabisa wakati transista inaungua, mgongo haugusani nayo, umesahau pesti au skrubu imelegea.

Inakufa palepale unapowasha au unapochomoa lodi: ni voltaji, rudi 2. Ukiipima maiti utakuta kolekta na emita ni shoti.

Kwenye zile mbili, moja inachemka nyingine baridi: badilishana nafasi zake. Joto likihama na transista, hazifanani geni, tafuta jozi. Joto likibaki upande uleule, mizunguko ya praimari haiko sawa pande mbili, au rezista moja imebadilika.

Inapiga kelele nyembamba inayokera: frikwensi iko chini, ndani ya masikio yetu, au kiini cha feraiti kimelegea. Kibane kiini, na kama sauti inabadilika ukiweka lodi hiyo ni kawaida kwa saketi hizi.

Multimita inaonyesha namba za ajabu, volti 47 kwenye betri ya 12, au inajizima: mita ya kawaida inachanganyikiwa karibu na osileta yenye nguvu. Isogeze mbali, sokota nyaya zake pamoja, pima mara ya pili ndo uamini. Na usiipeleke sekondari kabla hujasoma mwisho wake ni volti ngapi, imeandikwa pale pembeni ya tundu.